Akubali Kosa Lipi?

Matrah, 9 Mei 1966

Mdogo wangu Majid,

Salamu zangu na za binti yetu Mahbuba, ambaye ameota meno mawili na anamng'ata kila amshikaye. Barua hii naipitisha Dubai kwa Da Shaikha, kwa kuwa za posta hapa hufunguliwa. Tangu leo shika hili: ukipata barua yangu kwa posta, ujue nimewaandikia hao wanaozifungua kwanza, wewe baadaye. Ya kweli itapitia kwa dada yetu.

Ghanim amechukuliwa. Walikuja watu baada ya sala ya alasiri, mwenyewe yuko barazani anawasomesha hesabu watoto wa majirani, kama alivyozoea kule kwetu Unguja. Wakamwambia anaitwa. Akanigeukia, "Mahfoudha, niwekee chai, nnarudi sasa hivi." Yuko kifungoni ngomeni mpaka leo, mwezi unakaribia kwisha, na hakuna aliyetuambia amefanya nini.

Miaka miwili tangu tushuke melini na mabunda yetu. Tumepokewa hapa kwa ajili ya ami yake Marhoon, na bado hatujui kipi kimekatazwa na kipi kinaruhusiwa. Hapana palipoandikwa. Mtu hujua siku anapokamatwa, na sisi hata siku hiyo hatukujua.

Wewe ndiye unayesoma sheria. Niambie, mtu hufanya nini?

Dada yako,
Mahfoudha

*

Filadelfia, 20 Juni 1966

Dada Mahfoudha, shikamoo.

Barua yako nimeisoma ndani ya basi, nikashuka vituo vitatu kabla ya changu kwa sababu sikutaka watu wanione ninavyolia. Ghanim ndiye aliyenifundisha kugawanya. Kama kuna mtu duniani asiyeweza kumdhuru mtu, ni yeye.

Wiki iliyopita Mahkama Kuu ya huku imetoa hukumu kubwa. Polisi akimkamata mtu, kabla hajamhoji, lazima amwambie kwamba ana haki ya kunyamaza na ana haki ya wakili, na kama hana uwezo atawekewa. Asipomwambia, alilolisema mtu yule haliwezi kutumiwa kumtia hatiani. Watu wamekasirika sana, magazeti yanapiga kelele. Mimi nimeikata hukumu hiyo gazetini nimeibandika ukutani.

Na iko nyengine, ya miaka miwili nyuma. Vijana wawili weusi, wanafunzi, waliingia duka la dawa huko Kusini lenye sehemu ya kulia chakula, wakakaa. Walipokwisha kukaa ndipo mfanyakazi akaweka mnyororo wenye kibao kwamba hapapitwi. Wakaamriwa watoke, wakakataa, wakahukumiwa. Sheria ya pale ilimkataza mtu kuingia baada ya kuonywa, haikusema lolote juu ya aliyekwisha kuingia. Majaji wa jimbo wakaivuta sheria mpaka ikawafikia. Mahkama Kuu ikasema hapana: mtu lazima aonywe kabla, na sheria haiwezi kunyooshwa leo ili imkamate kwa la jana.

Hivyo ndivyo Katiba yao ilivyoifunga mikono serikali. Haiwezi kumwadhibu mtu kwa sheria iliyotungwa baada ya kitendo, wala kwa sheria ambayo mtu wa kawaida hawezi kuelewa inakataza nini, wala kwa adhabu ya kikatili. Basi swali letu la kwanza ni moja: Ghanim amevunja sheria gani? Waulize, dada. Waulize kwa maandishi.

Mdogo wako,
Majid

*

Matrah, 14 Agosti 1966

Majid,

Kwa maandishi! Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Mahbuba akashtuka, kisha nikakaa chini nikalia. Nimwulize nani, baba? Askari wa mlangoni hajui kusoma. Mkubwa wake haonekani. Na mkubwa wa mkubwa wake haulizwi.

Nitakueleza tulivyofanya sisi. Tumekaa kitako na ami Marhoon tukalitafuta kosa wenyewe. Yeye anasema ni darasa la barazani, kwa kuwa skuli haifunguliwi bila ya ruhusa. Mke wake anasema ni ile miwani ya jua aliyokuwa akivaa kwa ajili ya macho yake. Wanawake wa mtaa wa Darsait wanasema ni tochi, kwamba usiku hapa mtu hutembea na taa ya chemli mkononi, na tochi haihesabiwi kuwa ni taa. Basi tumeacha vyote. Watoto nimewafukuza, miwani nimeivunja, tochi nimeitupa kisimani. Hata redio nimeigawa, ikiwa ndiyo redio. Nimebaki naangalia vitu vya nyumba yangu mwenyewe nikijiuliza kipi kitanichongea.

Miguuni wamemtia chuma. Mimi sijaruhusiwa kumwona, ami Marhoon ameruhusiwa mara moja. Napeleka wali na samaki, jioni bakuli hurudi tupu, na hiyo ndiyo habari ya mume wangu niipatayo.

Hao vijana wako wa duka la dawa, walingoja muda gani mpaka Mahkama Kuu ikawasikia? Hukuniambia.

Sasa sikiliza, maana liko la kutia moyo. Ami Marhoon ana jamaa yake, sheikh mmoja wa huko ndani, mtu anayesikilizwa. Amekubali kutuombea. Hapa ndivyo mambo yanavyokwenda: mzee huingia siku ya Idi, hukaa, hunywa kahawa, husema, "Kijana wetu amekosa, nasi tunaomba msamaha wenu." Mwenye amri husamehe, watu wakashukuru, mtu akarudi kwake. Sharti lake ni moja tu, Ghanim naye akubali kuwa amekosa.

Mahfoudha

*

Filadelfia, 2 Oktoba 1966

Dada yangu, shikamoo.

Akubali kosa lipi?

Nakuomba usikasirike. Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila mara naishia hapo. Nyinyi wenyewe hamlijui kosa. Mmelitafuta ndani ya nyumba kama watu wanaotafuta sindano, hamkulipata, na sasa Ghanim aseme analo. Huku hakimu hawezi kupokea maungamo ya namna hiyo. Mtu hakubali kosa mpaka asomewe kosa, na hakuna anayeweza kulazimishwa kujishuhudilia mwenyewe. Hata akitoka, atatoka amekwisha kutiwa alama ya mhalifu kwa ulimi wake, na siku yoyote watamrudia. Msamaha hupewa mwenye hatia. Ghanim anataka haki.

Ulizo lako: walingoja miaka minne. Lakini walishinda.

Unamkumbuka baba, Mungu amrehemu, na meza yake pale mahkamani Vuga. Kila aliyeonewa Unguja alikuja kuandikiwa ombi, na baba hakumwandikia mtu neno la kujidhalilisha. Aliandika jambo lilivyokuwa, akaandika sheria inavyosema, akatia mhuri. Na Mwingereza alijibu. Nimeanza kuandika namna hiyo hiyo. Nitaupeleka waraka mwenyewe, nyinyi msionekane.

Majid

*

Matrah, 28 Januari 1967
(Kwa posta)

Kwa ndugu yangu Majid,

Nakuarifu kuwa sote tu wazima chini ya kivuli cha serikali yetu yenye huruma. Ghanim amekosa, na amejua kuwa amekosa, nasi tunaomba msamaha wa wakubwa wetu siku ya Idi ya kuchinja, inshallah. Hatuna malalamiko.

Nakuomba usimwandikie mtu yeyote waraka wowote. Haya ni maneno yangu mwenyewe. Naapa kwa kaburi la mama yetu, haya ni maneno yangu mwenyewe. Usiandike, Majid.

Dada yako,
Mahfoudha

*

Filadelfia, 19 Februari 1967

Dada Mahfoudha, shikamoo.

Barua yako ya posta nimeipata, na nimekumbuka ulivyonifundisha. Nilipoona stempu tu nilijua umewaandikia wao. Umeiandika kwa ustadi, lazima niseme. "Serikali yetu yenye huruma"! Hata kaburi la mama umelitia, ili waamini. Nilisikitika kwamba mtu mkweli kama wewe amefikishwa mahali pa kusema maneno hayo, na huzuni hiyo ndiyo iliyonimalizia woga.

Waraka nimeupeleka jana, moja kwa moja ofisini kwao Muskat. Nakala iko ndani ya hii, nimeipitisha kwa Da Shaikha. Nimeandika kwa Kiarabu, akaniangalizia mwalimu mmoja wa Damasko. Sikutukana mtu. Nimesema tu kwamba mahali ambapo kosa halikutajwa hapana kosa, na ambapo hapana kosa hapana wa kusamehewa, wala wa kusamehe.

Nimefanya alilolifanya baba. Lala usingizi, dada.

Majid

*

Matrah, 11 Aprili 1967

Da Shaikha, shikamoo.

Barua hii ni yako peke yako, usimpelekee Majid.

Siku ya Idi yule sheikh aliingia kwa mwenye amri, na ami Marhoon nyuma yake. Walikaribishwa vizuri, kahawa ikaletwa, halwa ikaletwa. Sheikh akasema maneno yake. Mkubwa yule akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua karatasi iliyokuwa pembeni yake. Waraka wa Majid ulikuwa umekwisha kufika.

Akasema, "Nyinyi mnaniomba nimsamehe. Na shemeji yake aliye Marekani ananiambia sina haki ya kumsamehe, kwa kuwa hapana kosa. Nimsikilize nani kati yenu?"

Sheikh hakuwa na habari. Hakuna aliyemwambia kuwa yuko mtu anayeandika. Ami anasema mzee wa watu aliweka kikombe chini kahawa ikiwa bado imo, akaomba ruhusa. Walipoagana akamwambia ami, "Marhoon, umeniingiza uchi kwenye kadamnasi ya watu. Usinijie tena."

Ghanim ameteremshwa kwenye vyumba vya chini. Bakuli langu halipokelewi.

Ile barua niliyomwandikia Majid kwa posta, nilikuwa na haraka, hapakuwa na msafiri wa kuja kwenu. Niliapa, Da Shaikha. Niliapa kwa kaburi la mama, na yeye akafikiri naigiza. Mimi ndimi niliyemfundisha asiniamini.

Nimemchukia, sikufichi. Nililala naye moyoni na kuamka naye kwa chuki. Kisha nikauchukua waraka wake nikausoma upya, na umeandikwa vizuri. Kila neno lake ni kweli. Ingekuwa ni uwongo ningejua pa kumlaumu.

Ana mtihani wake wa mwisho mwezi ujao. Usimwambie.

Mahfoudha

*

Matrah, 3 Mei 1967

Majid mpenzi,

Nakuombea mtihani wako. Ghanim hajambo, anakusalimu. Waraka wako hatujausikia kufika, pengine umepotea njiani, usijitie mashaka nao. Mahbuba anatembea, na amejifunza kusema "sitaki", basi kutwa ni neno hilo hilo. Kula vizuri. Usisome usiku kucha ukaharibu macho.

Mahfoudha

*

Matrah, 22 Oktoba 1967

Da Shaikha,

Ghanim amefariki. Simu ya ami Marhoon ulikwisha kuipata, nami sikuweza kuandika mpaka leo.

Ilikuwa ni kidonda, pale chuma kinapokaa kwenye kifundo cha mguu. Kilioza joto lilipozidi, kikafuatiwa na homa. Tumepewa maiti, hilo tushukuru. Ami amemwosha yeye mwenyewe na hakunionyesha miguu. Alikuwa mwepesi, aliniambia, kama mtoto. Hata hapo, pale mlangoni, ami aliuliza alikuwa na kosa gani. Askari akasema, "Mimi nimepewa funguo tu."

Majid nimemwandikia. Nimemwambia Ghanim alifariki mwezi wa Machi, siku chache kabla ya Idi, kabla waraka haujafika kwa mtu, na kwamba nilimficha kwa sababu ya mtihani. Akikuuliza, nawe shika hayo hayo. Yeye peke yake kule, hana mama, hana baba, hana hata wa kumpikia uji. Akijua, atajimaliza. Mmoja ametosha.

Edda yangu naikalia hapa hapa Matrah.

Mahfoudha

*

Filadelfia, 10 Desemba 1967

Dada yangu Mahfoudha,

Sina la kukwambia linalofaa. Nimesoma Yasini, nimesoma nyingi, nikawa sioni herufi.

Siku chache, unasema. Siku chache tu kabla ya Idi. Basi nami nikwambie jambo. Waraka ule ulikuwa tayari tangu Novemba. Ulikaa mezani kwangu mpaka Februari kwa sababu nilitaka upendeze. Nilikuwa natafuta neno bora la Kiarabu, na hukumu nzuri zaidi ya kutaja, kama mtu anayechagua nguo ya kwenda harusini. Na yeye wakati huo ana chuma miguuni. Laiti ningeupeleka vile ulivyokuwa, ungemkuta hai. Wangeusoma. Nani anajua wangesema nini, lakini wangeusoma akiwa hai.

Sitachelewa tena maishani mwangu kwa mtu yeyote. Nimepata kazi ofisi inayowatetea washtakiwa wasio na uwezo. Nimeomba kesi nyingi kuliko wenzangu.

Nisamehe kuchelewa.

Majid

*

Filadelfia, 30 Agosti 1970

Dada Mahfoudha, shikamoo.

Tumesikia! Mtawala mpya, milango wazi, wafungwa wanatolewa, na sisi tuliotoka Unguja tunaitwa turudi kujenga nchi. Wanatafuta watu waliosoma, na mimi nimekwisha kuandikiwa. Watanitia pamoja na watakaozitazama sheria. Nimekata tikiti ya Oktoba.

Najua furaha hii kwako imekuja na uchungu. Katika majina ya wafungwa waliotoka utakuwa unalitafuta lile lisilokuwamo.

Nimeapa neno la kwanza nitakalosema mbele yao ni la Ghanim. Nitawaambia: alikufa mtu mwema hapa kwa sababu waraka wa kumtetea ulichelewa. Ndiyo kanuni yangu hapa miaka yote hii. Sisiti, singoji. Mwaka juzi alinijia mwanamke mmoja, mwanawe kashtakiwa kwa sheria ya uzururaji, sheria ya ovyo, hata hakimu hawezi kukwambia mzururaji ni nani hasa. Mwendesha mashtaka akataka kijana akiri jambo dogo, atoke siku ile ile. Mama yake akanishika mkono, "Mwache akiri, nampeleka nyumbani." Nikamshauri kijana asikubali. Nikamwambia, ukiri kosa lipi? Akaniamini. Dhamana hawakuwa nayo, alikaa gerezani zaidi ya mwaka tukipanda rufaa, na tukashinda, dada. Sheria ile ilibatilishwa juu ya jina lake. Mama yake hakuja siku ya hukumu, sijui kwa nini. Nilikuwa namfikiria Ghanim.

Tutaonana, inshallah.

Majid

*

Matrah, 17 Septemba 1970

Majid, mdogo wangu,

Hii inapita posta, siku hizi hazifunguliwi, au hivyo tunaambiwa. Ifunguliwe isifunguliwe, niamini. Kila neno hapa ni langu.

Hukuchelewa. Waraka wako ulifika kabla ya Idi, na Ghanim alikuwa hai. Ulisomwa. Sheikh alikuwa amekwisha kukaa na kusema maneno yake, na mkubwa yule akautoa, akamwuliza amsikilize nani kati yetu. Sheikh akaondoka. Ghanim akateremshwa chini, na huko akafa mwezi wa Septemba, si Machi, kwa kidonda cha mguu. Machi niliitunga mimi, na Da Shaikha nilimfungisha mdomo.

Nilitaka usiumie. Sikujua kwamba kule utaushika uwongo wangu uufanye kanuni. Nimeisoma habari ya yule mama na mwanawe nikaiweka barua chini, nikatoka nje, nikarudi. Mimi najua kwa nini hakuja siku ya hukumu. Alitaka mtoto nyumbani, wewe ukampa ushindi. Mwaka ule wa gerezani una mkono wangu ndani yake, nami sina hata jina lake la kumwombea dua.

Usinielewe vibaya. Njoo uwaandikie yote yale uliyoniandikia mimi. Mtu atajiwe kosa kabla hajakamatwa. Asiadhibiwe kwa jambo ambalo jana lilikuwa halali. Asitiwe chuma mpaka akaoza. Mke wake asivunje miwani akidhani ndiyo kosa. Ulikuwa na haki katika yote, Majid, na nchi hii inahitaji sheria isiyongoja mzee aingie anywe kahawa. Lakini ile siku haikuwapo sheria hiyo. Palikuwa na mzee, na mlango uliofunguka kidogo, na mtu aliyekuwa ndani.

Liko jambo moja sikumwambia hata Da Shaikha. Uliniuliza akubali kosa lipi, nami sikukujibu. Kabla ya Idi ile ami Marhoon aliruhusiwa kumwona mara ya pili, akamwuliza kama yuko tayari kukubali. Alidhani atakataa, unajua Ghanim alivyokuwa akibishana hata juu ya nukta. Ghanim akamwambia, "Ami, waambie nimekosa. Lolote watakalo. Nnataka kumwona mwanangu akitembea."

Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuamua, na waraka ulikwenda bila ya yeye kuulizwa.

Nitakuwa uwanja wa ndege Oktoba, mimi na Mahbuba. Ana miaka mitano, na anachojua ni kwamba mjomba anakuja kutoka Marekani. Nikikuona nitalia, na bado sijui nitakuwa nalia kwa lipi. Njoo hivyo hivyo.

Dada yako,
Mahfoudha